Kura Nitakupa, Saini Sikupi

Mwaka 2013 siku ya kumchagua rais wa TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kulikuwa na wagombea wawili. 2017 walikuwa sita. 2021 mmoja. 2025 mmoja, tena yule yule, Wallace Karia. Mimi ukiniambia nikueleze siasa za mpira wa nchi hii kwa dakika moja nitakupa hizo namba nne halafu nikae kimya, zinatosha. Watu wanaoutaka huo urais hawakuisha. Walikuwepo na walichukua fomu, hata 2025 alichukua Ally Mayay aliyewahi kuwa nahodha wa Yanga, akachukua Dk. Mshindo Msolla aliyewahi kuifundisha Taifa Stars na baadaye akawa mwenyekiti wa Yanga, wakachukua na wengine, na hakuna hata mmoja wao ambaye jina lake lilifika kwenye karatasi ya kura pale Tanga. Walikwama kwenye udhamini.

Naona mijadala mingi inaruka hapa haraka haraka, watu wanakimbilia kusema Karia mzuri au Karia mbaya, sijui Simba wanasemaje, Yanga wanasemaje. Mi naomba tukae hapa hapa kwenye udhamini kwanza maana ndipo mpira unapochezwa.

Kanuni inamtaka anayegombea urais apate wanachama wasiopungua watano wa kumdhamini. Ukiisikia hivyo unaona kitu kidogo sana, watano tu, nani akose watu watano? Lakini wanachama wenyewe ni nani. Sio mimi na wewe tunaokata tiketi kwa Mkapa na kukaa juani toka saa saba mchana. Ni vyama vya soka vya mikoa 26 ya bara, klabu 16 za Ligi Kuu, na vile vyama shirikishi vitano, yaani waamuzi (FRAT), makocha (TAFCA), wachezaji (SPUTANZA), soka la wanawake (TWFA) na madaktari wa michezo (TASMA). Jumlisha unapata 47 (kura huwa nyingi zaidi ya hizo maana mwanachama mmoja anaweza kuleta wajumbe zaidi ya mmoja). Kwahiyo soko zima la kutafuta hizo barua tano lina maduka 47, na aliyeko kwenye kiti ameshazunguka maduka yote miaka minne mfululizo wakati wewe ndio kwanza unaenda kuchukua fomu.

Hesabu peke yake haitoshi kueleza kwanini mtu mzima mwenye jina anakosa barua tano. Ngoja niseme kilichonikuta mimi, kwenye ngazi ya chini kabisa, ili uelewe vizuri ninachosema.

Niliwahi kugombea nafasi kwenye chama cha soka cha wilaya moja, siitaji. Nafasi yenyewe haikuwa na mshahara, ilikuwa na shughuli tu. Nilitakiwa kupata klabu tatu za kunidhamini. Nikazunguka na bodaboda wiki nzima, kila ninapofika napewa soda, napewa moyo, naambiwa kijana wetu safari hii lazima tubadilishe. Sasa kulikuwa na mzee mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi na timu yake ya madaraja ya chini, timu inakula kwake, jezi kanunua yeye, mipira kanunua yeye, yaani kama kuna mtu anajua shida za mpira wa wilaya ile ni yeye. Nikatoa karatasi. Akaiangalia muda mrefu, akairudisha akaniambia, "Mwanangu, kura nitakupa, saini sikupi."

Nikamuuliza, "Kwanini mzee, si ni kitu kile kile?"

Akasema, "Sio kile kile. Kura naidumbukiza kwenye boksi hakuna anayeniona. Hii ina jina langu na muhuri wa timu yangu, kesho asubuhi iko mezani kwa mwenyekiti. Ligi ikianza nitapangiwa kucheza wapi? Nitapangiwa mwamuzi gani?"

Nilipata saini mbili. Mwenzangu akapita bila kupingwa.

Tangu siku hiyo nikisikia mtu wa TFF anasema wajumbe wenyewe ndio wameamua, nakumbuka lile duka. Uchaguzi wa rais wa TFF kwenye katiba ni wa kura ya siri, na kuna sababu ya kuwa siri, ili mjumbe asiogope. Lakini kabla ya hiyo kura ya siri tumeweka kura nyingine ya wazi yenye jina, saini na muhuri, na hiyo ya wazi ndiyo inayoamua kama ile ya siri itakuwa na maana. Mwenyekiti wa mkoa akimdhamini mpinzani anajulikana miezi kabla. Mpinzani akishinda sawa, akishindwa je? Huyo mwenyekiti ana miaka minne ya kuishi na watu ambao wanajua alisaini wapi.

Na shirikisho lina vingi vya kugawa, tuseme ukweli. Kuna nani anakuwa mkuu wa msafara timu ya taifa ikisafiri, nani kamishna wa mechi, kozi ya makocha au waamuzi inakwenda mkoa gani, kituo cha mashindano ya vijana kinawekwa wapi, nani anaingia kwenye kamati zile ndogo ndogo zenye vikao na posho. Hakuna rushwa hapo kisheria, ni kazi za kawaida za taasisi na lazima mtu azifanye. Ila mtu ambaye chama chake cha mkoa hakina ofisi ya kueleweka, hakina gari, hakina mdhamini hata wa maji ya kunywa, hivyo vitu kwake ni uhai. Sasa huyo unamwambia asaini barua ya kumpinga anayevigawa. Wabongo tulisema sana ile "wajumbe sio watu wazuri" baada ya kura za maoni za CCM za 2020, ikawa msemo, lakini mi huwa nawaonea huruma wajumbe wa mpira. Wamewekwa mahali ambapo ujasiri wa mtu mmoja unalipiwa na mkoa mzima.

Mwaka 2013 tulipata ushahidi mzuri kabisa wa hili na sijui kwanini tumeusahau. Leodegar Tenga alikuwa anaondoka, yeye ndiye aliyeingia Desemba 2004 zama za FAT, chama cha soka cha kabla ya TFF, na mwenyekiti wake Ndolanga zilipoisha, akaijenga TFF tunayoiona leo na akaamua hagombei tena. Uchaguzi ulipangwa Februari. Kamati ya rufaa ikamkata Jamal Malinzi, akabaki Athumani Nyamlani aliyekuwa makamu, peke yake. Zikapigwa kelele, serikali ikaingia kati, FIFA wakaleta ujumbe wao, mchakato ukarudiwa na safari hii zikaanzishwa kamati za maadili kwanza. Oktoba 27 wajumbe wakapiga kura wagombea wote wawili wakiwepo. Malinzi 73, Nyamlani 52.

Yaani mtu aliyekatwa jina Februari ndiye aliyetakiwa na wajumbe Oktoba, tena kwa tofauti ya kura 21. Kama ule mchakato wa kwanza ungepita tungeambiwa Nyamlani ni chaguo la wajumbe, amepita bila kupingwa, na wote tungeamini. Ndio maana mimi "bila kupingwa" haiwezi kunishawishi kitu, kwa sababu nimeshaona mara moja kilichokuwa chini yake.

Alichokuja kufanya au kufanyiwa Malinzi baadaye ni habari nyingine na ilitikisa mpira wote. Mwishoni mwa Juni 2017 yeye na katibu mkuu wake Celestine Mwesigwa wakafikishwa mahakama ya Kisutu, wiki chache tu kabla ya uchaguzi. Wallace Karia aliyekuwa makamu akawa kaimu rais, na Agosti 12 pale Dodoma akashinda kwa kura 95, wengine watano hakuna aliyefikisha hata 10. Michael Wambura akawa makamu wake. Machi 2018 Wambura akafungiwa maisha na kamati ya maadili ya TFF. Hesabu mwenyewe, haikufika hata mwaka, rais wa zamani mahakamani na makamu mpya nje ya mpira moja kwa moja. Nyumba ikitikiswa hivyo watu wanaanza kutafuta utulivu kwa gharama yoyote, na nadhani hapo ndipo tulipoanza kuona ushindani kama fujo. Neno "kambi" likawa tusi. Mtu akitangaza nia anaulizwa katumwa na nani.

Sasa Karia. Sitaki kumvunjia heshima mtu kwa kazi aliyofanya maana matokeo yapo. Taifa Stars ilicheza AFCON ya 1980 kule Nigeria ikapotea miaka 39, ikarudi 2019 Misri, ikaenda tena Ivory Coast, ikaenda tena Morocco. Mkataba wa Azam wa haki za matangazo uliosainiwa 2021 ni bilioni 225.6 kwa miaka 10, hizo hela zamani tulikuwa hatuzioti. Yanga wamecheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba wakacheza ya 2025. CHAN tumeandaa na Kenya na Uganda, na AFCON ya 2027 tunaandaa tena hao hao watatu. Mtu akiniambia huyu bwana angeshinda hata kukiwa na wagombea kumi, nitamwambia inawezekana kabisa. Mwaka 2017 alikuwa na wapinzani watano akachukua kura 95!

Ndio hapo sasa. Mtu mwenye rekodi hiyo anaogopa nini kusimama na Mayay au na Msolla mbele ya wajumbe, kila mmoja akapewa dakika zake akaeleza? Wajumbe wangeuliza maswali. Mbona soka la wanawake linategemea klabu chache, mbona ligi za mikoa zinachezwa kwa wiki tatu zinaisha, mbona mchezaji wa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, anadai mshahara miezi, mbona viwanja vinafungiwa katikati ya msimu. Haya maswali yanapata majibu kwenye kampeni tu, kwa sababu ndio wakati pekee rais anahitaji kura ya mtu. Ukiondoa kampeni umeondoa na majibu. Tumeingia muhula wa tatu na mimi mfuatiliaji wa kila siku siwezi kukutajia ahadi tatu ambazo nitamdai 2029, sababu hakukuwa na mtu wa kumlazimisha azitoe.

Watu huwa wananijibu, haya tufanyeje, serikali iingilie? Hapana jamani, hapana. Tuwaangalie majirani.

Novemba 2021 waziri wa michezo wa Kenya, Amina Mohamed, aliivunja FKF, shirikisho lao la soka, akaweka kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera, na Nick Mwendwa aliyekuwa rais akakamatwa siku hizo hizo. Mashabiki wengi walishangilia kwa sababu hasira zilikuwa nyingi na maswali ya pesa yalikuwa mengi. Harambee Starlets, timu yao ya taifa ya wanawake, wakajitoa kwenye kufuzu WAFCON (AFCON ya wanawake) ya 2022, Uganda wakapita bila jasho. Februari 2022 FIFA wakaifungia Kenya. Harambee Stars hawakuwepo kwenye kufuzu AFCON iliyofuata, klabu zao zikabaki nyumbani wenzao wanacheza CAF. Mchezaji mwenye miaka 29 kipindi kile alipoteza mwaka ambao haurudi. Kufungiwa kulikuja kuondolewa Novemba 2022 serikali mpya ilipoingia na uongozi ule ule ukarudishwa ofisini. Kwahiyo njia ya waziri wameshaijaribu wenzetu, ikawarudisha walipoanzia.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia. Ukomo wa mihula miwili ulimzuia Mwendwa kugombea urais tena. Akajaribu kurudi kwa mlango wa pembeni, akawa mgombea mwenza wa Doris Petra aliyekuwa makamu wake. Desemba 7, 2024 pale Kasarani wajumbe wakapiga kura na wagombea walikuwa kadhaa, ikabidi iende raundi ya pili, Hussein Mohammed na McDonald Mariga wakashinda kwa kura 67 dhidi ya 27 za Petra. Wajumbe wale wale wa mikoani, wenye shida zile zile za kwetu, wenye kuogopa kile kile. Tofauti ni kwamba majina yaliwafikia mezani. Walipopewa boksi na pazia wakafanya walichotaka.

Kuna kitu kingine Kenya wanacho na sisi hatuna, lile baraza lao la kuamua migogoro ya michezo, Sports Disputes Tribunal, lipo kisheria nje ya FKF. Desemba 2019 na Machi 2020 lilifuta uchaguzi wa FKF mara mbili. Mara mbili! Likasema mchakato haukuwa sawa, rudieni. Kwetu ukikatwa jina unakata rufaa kwenye kamati iliyo ndani ya nyumba ile ile, ukishindwa huko na ukataka kwenda mahakamani unaambiwa unaleta mahakama kwenye mpira, FIFA watatufungia, unataka nchi ikose AFCON kwa ajili yako? Na mtu anayependa mpira anarudi nyuma kwa sababu hataki kuwa yeye. Hiyo hofu ya FIFA ni ya kweli lakini imekuwa fimbo, inawapiga walioko nje tu.

Sisemi Kenya wamemaliza matatizo, mpira wao una vurugu zake na pesa zake na kesi zake. Nasema kwenye jambo hili moja, la nani anaruhusiwa kusimama, wametuacha.

Nikipewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja kwenye kanuni za uchaguzi za TFF ningegusa udhamini na nisiguse kingine. Wadhamini wasiwe wapiga kura. Mgombea aje na saini za watu wa mpira ambao hawana cha kupoteza mkononi mwa shirikisho, wachezaji wastaafu waliochezea timu ya taifa, makocha wenye leseni, waamuzi waliostaafu, wawe hata 20, wawe hata 30, sina neno, maana lengo la udhamini si kuchuja mtu asiyejulikana asije kufanya mchezo? Basi mtu anayeaminiwa na wachezaji 30 wa zamani wa Taifa Stars hajaja kufanya mchezo. Kama hilo gumu, basi barua zipelekwe kwa mtu wa nje, wakili au hata BMT (Baraza la Michezo la Taifa), ahesabu tu aseme zimetimia au hazijatimia, majina yasionwe na mtu yeyote wa shirikisho. Hiyo haigusi madaraka ya FIFA na haihitaji waziri. Inahitaji mkutano mkuu mmoja wenye ajenda hiyo.

Tatizo ni kwamba mkutano mkuu unaoweza kubadilisha hiyo kanuni ni hao hao 47 wanaoogopa, na ajenda inapangwa na hao hao wanaonufaika. Hilo nalijua na sina jibu jepesi. Naona pa kuanzia ni mikoani, maana chaguzi za mikoa huwa zinatangulia za taifa, na huko chini ndiko mtu anakojenga maduka yake mapema. Wachezaji wa zamani wengi wanasubiri mwaka wa uchaguzi mkuu ndio wanatokea na suti na sera, wamechelewa miaka mitatu. Mkoa wenye mwenyekiti aliyepatikana kwa ushindani anaweza kusaini bila kutetemeka. Mkoa wenye mwenyekiti aliyepita bila kupingwa utasaini unapoambiwa. Vyama kama SPUTANZA na TAFCA navyo mbona hatuvisikii kwenye hili? Hao ndio wachezaji na makocha wenyewe, wana kiti mezani, na miaka yote tunawasikia wakipongeza.

Klabu kubwa sizitegemei sana, niseme ukweli. Simba na Yanga wana nguvu kuliko mkoa wowote lakini kila mmoja anaangalia mwenzake kasaini wapi kwanza.

Yule mzee wa duka bado ana timu. Alinipigia simu tukaongea mpira karibu nusu saa, kwamba vijana wake wameshuka daraja, uwanja wa wilaya umeota majani upande wa golini, mwenyekiti ni yule yule. Halafu akaniuliza safari hii nachukua fomu au vipi. Nikamwambia mzee wangu nitachukua, ukinisainia. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza habari za watoto.